Punda Aliyefunguliwa Kinuni

Hadithi, watoto!

— Hadithi, njoo!

Ije kwa miguu au ije kwa mbio?

— Ije kwa mbio!

Ikifika tuifanyeje?

— Tuipe kigoda ikae!

Haya, imekwisha kukaa. Sogeeni karibu. Mwenye mhogo mdomoni ameze kwanza, maana hadithi hii ina mahali pa kuimba na sitaki mtu apaliwe.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisema na watu na watu wakiwajibu bila kushangaa, palikuwa na bwana mmoja akiitwa Mkwizu. Bwana Mkwizu alikuwa na kinu cha kukamua mafuta ya ufuta. Si kinu kama hiki cha mama cha kutwangia. Kilikuwa kinu kikubwa, kimechongwa kwa gogo zima la mti, kimesimikwa ardhini. Ndani ya kinu mlikuwa na mchi mnene. Mchi ulifungwa kwenye boriti ndefu. Boriti ilifungwa kamba. Na kamba ilifungwa shingoni mwa nani?

— Mwa Punda!

Nani amewaambia? Ndiyo, mwa Punda. Punda alizunguka, boriti ikazunguka, mchi ukazunguka, ufuta ukasagika, mafuta yakachuruzika. Na kinu kililia hivi: *Kwii-kwii, zunguka! Kwii-kwii, zunguka!* Hebu tukisikie hicho kinu.

— Kwii-kwii, zunguka! Kwii-kwii, zunguka!

Vizuri. Wewe Tumsifu, umelia vizuri kuliko kinu chenyewe.

Sasa, Punda alifungwa kitambaa machoni, kama wenye vinu wote walivyofanya, ili asishikwe na kizunguzungu. Kwa hiyo hakujua kwamba anazunguka. Yeye alidhani anasafiri! Jioni akifunguliwa kitambaa, aliwaambia njiwa waliokaa juu ya paa, "Leo nimekwenda mbali, jamani. Nadhani nimevuka mpaka wa nchi."

Njiwa waliangaliana. "Pole na safari, Kaka Punda," walisema. "Huko ulikokwenda wanakula nini?"

"Sijui," alijibu Punda. "Nilipita tu, sikusimama."

Na kila asubuhi, kabla ya kufungwa kitambaa, Punda aliuliza, "Bwana Mkwizu, leo je, utanipenda?"

Bwana Mkwizu alijibu, "Zunguka kwanza. Ukizunguka vya kutosha, nitakupenda."

Jioni Punda aliuliza, "Je, leo vimetosha?"

"Bado kidogo."

Kesho yake bado kidogo. Kesho kutwa bado kidogo. Na kinu kikinyamaza, hata kwa muda wa Punda kupiga chafya, fimbo ilishuka mgongoni. Pa!

Basi siku moja alipita pale mtoto wa Jumbe. Jumbe ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi ile yote, na ardhi yote ilikuwa yake, hata ile iliyokuwa chini ya kinu. Mtoto wake alikuja kwa miguu, peke yake, bila mpiga ngoma wala mbeba mwavuli. Akasimama. Akatazama. Kinu kikalia, kwii-kwii.

"Bwana Mkwizu," akasema, "huyu anazunguka tangu lini?"

"Ah, huyu? Huyu ni wa kuzunguka tu. Ndivyo alivyo."

"Mfungue."

"Nimfungue!" Bwana Mkwizu akashika kichwa. "Na ufuta huu je? Umekwisha kumwagwa kinuni, lazima ukamuliwe leo. Nani ataukamua?"

"Mimi," alisema mtoto wa Jumbe.

Bwana Mkwizu akacheka sana. Kisha akaona kwamba anacheka peke yake, akanyamaza.

Mtoto wa Jumbe akamfungua Punda kitambaa. Akamtoa kamba shingoni. Halafu akaichukua kamba ile ile, akaipitisha begani mwake, akainama, akaanza kuvuta. Kwii-kwii, zunguka. Jua likawa kali, naye akavuta. Shati likachanika begani, naye akavuta. Ngozi ikachubuka, naye akavuta. Punda alisimama pembeni, mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza aliiona safari yake kubwa, na kumbe yote ilikuwa haizidi upana wa ua.

"Kumbe nilikuwa hapa hapa!" alisema Punda. Njiwa wakatazama pembeni kwa adabu.

Ufuta ulipokwisha, mtoto wa Jumbe akaweka kamba chini. "Kazi iliyokuwa juu yako imekwisha," alimwambia Punda. "Wewe ni huru. Nenda, na usikubali kufungwa tena."

"Ahsante, bwana wangu. Na sasa nizunguke wapi ili wewe unipende?"

Mtoto wa Jumbe akajifuta jasho. "Nisingekupenda," akasema, "ningeivaa kamba hii?"

Punda akaitazama kamba ile, akatikisa masikio. Akaenda zake porini.

Mnadhani Punda alistarehe? Hata! Asubuhi ya kwanza aliamka, akatafuta mti, akapata mkwaju, akafumba macho mwenyewe, akaanza kuuzunguka. Hakuna kamba, hakuna kitambaa, hakuna fimbo. Na mdomoni analia mwenyewe kama kinu. Analiaje?

— Kwii-kwii, zunguka! Kwii-kwii, zunguka!

Akazunguka mpaka majani yakafa, pakawa na njia ya duara kuuzunguka mti. Na siku hiyo Mjomba Kobe alikuwa akienda kuwaona wakwe zake, na njia yake ilipita pale pale. Mnamjua Kobe mwendo wake. Kabla hajaivuka ile njia ya duara, Punda akatokea.

"Hujambo, mjomba?"

"Sijambo, kaka."

Kobe akainua mguu mmoja, akauweka. Punda akatokea tena. "Hujambo, mjomba?"

"Sijambo, kaka."

Kobe akainua mguu wa pili, akauweka. Punda huyo! "Hujambo, mjomba?"

"Ah!" alisema Kobe. "Wewe kaka, tutasalimiana mpaka nizeeke? Simama! Fungua macho. Kuna kinu hapa?"

Punda akafungua jicho moja. "Hakuna."

"Kuna ufuta?"

"Hakuna."

"Basi unakamua nini, mti wa watu?"

Punda akatazama mkwaju. Akatazama njia. Akaona haya. "Mjomba," akasema, "mtoto wa Jumbe amenifungua, lakini miguu yangu bado haijaambiwa."

"Iambie," alisema Kobe. "Wewe ni huru."

Punda akainama, akaitazama miguu yake, mmoja mmoja, akaiambia. Kisha akaruka juu. "Mimi ni huru! Kumbe! Basi kuwa huru ni kufanya nipendavyo na kutoulizwa na mtu!"

"Hapana, hilo sikusema," alianza Kobe. "Nilisema..."

Lakini Punda alikuwa amekwisha kwenda, vumbi tupu, anaimba. Wimbo wake ni huu, na ninyi mnaitikia "haa!"

*Mimi huru!* — Haa!

*Sina bwana!* — Haa!

*Asinitume mtu!* — Haa!

*Nafanya nipendavyo!* — Haa!

Tangu siku ile pori lote lilimjua Punda. Wenzake wakilala mchana, yeye alilia kwa sauti yake yote. Wenzake wakienda kunywa maji bwawani, walimkuta amelala ndani ya bwawa, maji yote matope. Alijigaragaza palipo na vifaranga. Ukimwambia kitu, alikuimbia.

Siku moja akaja Mama Kanga na vifaranga wake. Tawi la miiba lilikuwa limeanguka kwenye njia yao ya kwenda majini. "Bwana mkubwa," alisema Mama Kanga, "tunaomba msaada wako. Lisukume tawi lile kwa mguu. Mguu mmoja tu, wala si lazima uwe ule mzuri."

"Mguu wangu ni huru," alijibu Punda. Akaimba.

*Mimi huru!* — Haa!

*Asinitume mtu!* — Haa!

Mama Kanga akawakusanya wanawe, akapita njia ndefu.

Siku nyingine akaja Dada Ngiri, anachechemea. "Kaka Punda," alisema, "nimechomwa na mwiba. Nina watoto wachanga shimoni, nisipokunywa maji sina maziwa. Nibebe mpaka bwawani, unirudishe. Mimi si mzito, watu wananisingizia tu."

"Mgongo wangu ni huru," alijibu Punda. Akaimba.

*Mimi huru!* — Haa!

*Asinitume mtu!* — Haa!

Dada Ngiri akaenda kwa miguu mitatu, polepole, mpaka majini.

Na siku nyingine tena akaja Mjomba Kobe. Punda alikuwa amelala katikati ya njia nyembamba, miguu juu. "Kaka," alisema Kobe, "sikuombi unibebe, sikuombi unisukumie kitu. Jivute kidogo nipite. Wewe ukijivuta ni mara moja, mimi nikikuzunguka ni safari."

"Njia yangu ni huru," alijibu Punda. Akaimba.

*Mimi huru!* — Haa!

*Asinitume mtu!* — Haa!

Mjomba Kobe akamzunguka. Akaanzia mkiani jua likiwa utosini, akafika masikioni jua linazama. Akasimama, akahema. "Angalau ulipokuwa ukizunguka mkwaju," akasema, "ulikuwa unanisalimia." Akaenda zake.

Basi wanyama wakamwacha Punda na uhuru wake. Asubuhi hakuna wa kumwuliza ameamkaje. Mchana hakuna wa kumcheka. Akiimba, hakuna wa kuitikia "haa." Hebu fikirini, kuimba wimbo ule halafu kimya! Punda akaanza kuchoshwa na kulala kwake. Majani yakawa hayana ladha.

Na siku moja upepo ukamletea harufu. Mmm! Harufu ya mashudu. Ufuta ukikwisha kukamuliwa mafuta, mabaki yake ndiyo mashudu, na hakuna punda duniani asiyeyapenda. Kumbe Bwana Mkwizu alikuwa hana wa kuvuta kinu chake, naye alimjua Punda kuliko Punda alivyojijua. Alimwaga mashudu kidogo mwisho wa pori.

Punda akaja, akala. "Mimi ni huru," akasema. "Aliye huru hula apendapo."

Kesho yake mashudu yalikuwa mlangoni mwa ua. Moyo ukamwambia Punda, "Hapo usiende." Tumbo likasema, "Twende." Wakaenda. Akala. "Aliye huru hula apendapo."

Kesho yake tena mashudu yalikuwa chini ya boriti. Chini kabisa. Moyo ukasema, "Hapo usiende hata kidogo!" Tumbo likasema, "Twende." Wakaenda.

Niambieni, Punda sasa alikuwa akitumwa na nani?

— Na tumbo!

Eh. Mmesema ninyi.

Basi Punda ameinamisha kichwa, anatafuna. Bwana Mkwizu akaja kwa sauti laini kama mafuta yake, mikono nyuma. "Karibu nyumbani, mwanangu. Tumekukumbuka. Kula, kula, usiwe na haraka." Na nyuma ya mgongo ana nini? Ana kamba! Akasogea. Akasogea tena. Akawa karibu kabisa, furaha ikamzidi, akashindwa kunyamaza. "Yule mtoto wa Jumbe," akasema, "alijichubua bega bure. Nilijua utarudi mwenyewe."

Bure!

Neno hilo lilimkwama Punda kooni pamoja na mashudu. Akaliona lile bega, na shati lililochanika, na damu. Bure? Akaruka, akalipiga teke kapu la mashudu, kamba ikamteleza sikioni, akatoka mbio, hakuangalia nyuma. Alikimbia na machozi. "Nilitolewa kwa Mkwizu," alisema, "nikajipeleka kwa tumbo, na tumbo likanirudisha kwa Mkwizu. Mimi ni mjinga gani!"

Sasa sikilizeni vizuri. Acheni kusukumana huko nyuma.

Punda alipofika porini alisikia kilio. Upepo wa kiangazi ulikuwa umeung'oa mti mkubwa, mti ukaanguka juu ya shimo la Dada Ngiri. Dada Ngiri alikuwa nje, ametoka majini, bado anachechemea. Watoto wake walikuwa ndani. Mlango wa shimo ulikuwa umezibwa na gogo, na udongo ulikuwa mkavu kama mawe, hauchimbiki. Watoto walikuwa wakilia huko chini. Na kila walipolia, sauti ilikuwa ndogo kuliko mwanzo, kwa maana hewa ilikuwa inawaishia.

Dada Ngiri alichimba mpaka pua ikatoka damu. Mama Kanga na wenzake walikata mimea mirefu inayotambaa, wakaisuka kamba, wakaifunga kwenye gogo, wakaivuta kwa midomo. Kanga wangapi wanaweza kuvuta gogo, jamani? Wote wakaanguka chali. Mwisho wa kamba walikuwa wameacha kitanzi, kikubwa, cha kuingia shingo nene.

Punda akatokea. Kila mtu akamwona. Kanga wakarudi kwenye kamba yao.

Kifaranga mmoja akamnong'oneza mama yake, "Mama, shingo ile pale. Tumwombe."

"Usimwombe," alisema Mama Kanga. "Atatuimbia."

Lo! Punda alisikia. Fimbo zote za Mkwizu hazikumwuma kama maneno yale.

Akakitazama kitanzi. Akarudi nyuma hatua moja. Akakumbuka kitambaa, akakumbuka boriti, akakumbuka bado kidogo, bado kidogo. Akasogea kwa Mjomba Kobe, aliyekuwa amesimama kando ya gogo, akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, naogopa. Niliambiwa nisikubali kufungwa tena. Nikiivaa kamba hii, nitakuwa mtumwa?"

Mjomba Kobe hakumjibu haraka. Hakujibu kitu chochote haraka maishani mwake. "Nani anakulazimisha?" aliuliza.

"Hakuna."

"Usipoivaa, nani atakupiga?"

"Hakuna."

"Ukiivaa, nani atakupa mashudu?"

Punda akaona haya, kwa maana bado yalikuwa kwenye ndevu. "Hakuna."

"Basi unataka kuivaa kwa nini?"

Chini ya gogo, kitoto kimoja kikalia. Sauti ndogo sana, kama mlango unaofungwa taratibu.

"Kwa sababu wanalia," alisema Punda.

"Basi vaa," alisema Kobe. "Hiyo si kamba ya Mkwizu."

Punda akainama, akaingiza shingo mwenyewe. Macho yake yalikuwa wazi. Akavuta. Gogo halikusogea.

Akavuta tena. Gogo likasogea kidogo, kisha likarudi, guu! Dada Ngiri akapiga yowe.

"Ngoja!" alisema Mjomba Kobe. "Wewe vuta. Likisogea tu, mimi naingia chini yake, lisirudi."

"Mjomba, litakuponda!"

"Gamba hili limekanyagwa na kiboko, tena kiboko mwenye mimba. Vuta!"

Punda akavuta mara ya tatu. Kanga wakashika kamba nyuma yake. Dada Ngiri akasukuma kwa kichwa. Hata vifaranga walisukuma, ingawa wawili walikuwa wakisukuma upande usiotakiwa. Kamba ikamchubua Punda kifuani, naye akavuta. Kwato zikazama ardhini, naye akavuta. Gogo likasogea, Kobe akaingia. Likasogea tena, Kobe akaingia zaidi, gamba likalia *ka!*

"Mjomba, u mzima?"

"Usiniulize maswali nimebeba mti!"

Punda akavuta mara ya mwisho kwa nguvu zake zote, na gogo likabingirika, likaanguka pembeni. Mwanga ukaingia shimoni. Kisha kikatoka kitoto kimoja, kimejaa udongo, kinapiga chafya. Kikafuata kingine. Na kingine. Wa mwisho alitolewa na mama yake kwa kuvutwa mkia, amelegea kama kitambaa kilicholowa. Dada Ngiri akamlamba. Akamlamba. Akamlamba. Kitoto kikafungua jicho, kikaona meno makubwa ya Punda yameinama juu yake, kikapiga kelele.

"Yu mzima!" walisema wote.

Dada Ngiri akamgeukia Punda. "Umechelewa!" alimfokea. "Ulikuwa wapi? Mimi nimekwenda majini kwa miguu mitatu siku zote hizi!" Akamfokea mpaka pumzi ikamwishia, kisha akaegemea mguu wa mbele wa Punda, akalia kwa kwikwi. Punda hakujitetea. "Nisamehe, dada," akasema. "Kesho nitakubeba."

"Na kesho kutwa," alisema Dada Ngiri.

"Na kesho kutwa."

Mama Kanga akaruka mgongoni mwa Punda bila kuomba ruhusa, akaanza kumtoa kupe. "Kupe hawa wote," akasema, "umeishi nao vipi? Si ungesema?"

"Sikuwa na wa kumwambia," alisema Punda.

Basi kuanzia hapo, asubuhi kukicha Punda alimbeba Dada Ngiri kwenda majini mpaka mguu wake ukapona. Ulipopona, akawabeba watoto, kwa sababu walikuwa wamezoea na walipiga kelele wakishushwa. Alikunywa maji ukingoni, miguu nje. Akimwona Kobe anakuja njiani, alisogea kabla hajafika, na kwa Kobe hiyo ni kusogea mapema mno. Kanga nao wakamtoa kupe, na Ngiri akamchimbia mizizi mitamu, na Kobe akamsimulia habari za wakwe zake, ambazo zilikuwa ndefu.

Lakini Bwana Mkwizu hakukata tamaa. Siku moja aliingia porini na kapu la mashudu mkono huu na kamba mkono huu. Akakutana na Punda njiani. Punda mgongoni ana watoto wa Ngiri wamepangana, shingoni ana vifaranga, na mmoja amelala ndani ya sikio.

Bwana Mkwizu akacheka mpaka akashika mbavu. "Hee! Kumbe huku nako unabeba! Tena kutwa nzima! Tena bila mashudu! Sasa ulikimbia nini, we punda? Kubeba kwangu na kubeba huku, tofauti iko wapi?"

Watoto wa Ngiri wakashikana. Wakamtazama Punda. Wakaitazama kamba. Wakaogopa kwamba Punda atawashusha, aondoke na Mkwizu.

Punda alikuwa anatafuna majani. Akatafuna, akameza.

"Kwako nilitaka kusimama, nikashindwa," alisema. "Hapa naweza kusimama, ila sitaki."

Akampita Bwana Mkwizu, taratibu, asimwamshe yule aliyelala sikioni, akaenda zake majini na wenzake.

Na Bwana Mkwizu? Alirudi na kapu lake. Ufuta ulikuwa umekwisha kumwagwa kinuni, na lazima ukamuliwe siku ile ile. Wanakijiji walisikia kinu kikilia jioni nzima, lakini aliyekuwa akihema hakuwa punda. Kilikuwa kikiliaje?

— Kwii-kwii, zunguka! Kwii-kwii, zunguka!

Na njiwa wa paani wakamwambia, "Pole na safari, bwana."

Watoto wangu, hadithi hii inatufundisha hivi. Bwana Yesu ametufungua sisi. Hakutufungua ili tuendelee kuzunguka huku tukiuliza, "Je, leo vimetosha? Utanipenda?" Alitupenda kabla hatujafanya lolote. Wala hakutufungua ili tulale katikati ya njia za wenzetu na kuwaimbia. Anayefanya kila apendalo mwisho wake hutumwa na tumbo lake, na tumbo halina huruma. Mtu huru hasa ni yule ambaye, bila kupigwa na bila kulipwa, humwona mwenzake amelemewa, akainama mwenyewe na kusema, "Leta, nikusaidie." Tutumikiane hivyo, kwa upendo.

Hapo ndipo hadithi ilipochoka. Kama ilikuwa tamu, nendeni nayo nyumbani mkawagawie waliokosa. Kama ilikuwa chungu, niachieni hapa hapa, nitaitafuna mwenyewe.